Lita Zilizofichwa

1

Kipimo cha mafuta kilisema sitini na moja. Kijiti changu kilisema tisini na mbili. Kimoja kilikuwa kinadanganya, na mimi, Obadia Tweve, fundi pekee wa ndege katika uwanja wa Ilevelo, nilikuwa na mpaka saa nne asubuhi kukitaja.

"Fundi," aliniita Kapteni Eliwaza Kyando kutoka mlangoni mwa banda, kikombe cha chai mkononi. "Umelala na hicho kijiti?"

"Kamwene, Mama."

"Kamwene. Sijauliza salamu, nimeuliza namba."

"Namba naitafuta."

"Basi itafute upesi. Sista Tumwitike wa zahanati ya Nkondwe amepiga redio mara tatu tangu alfajiri."

Hakuwa na haja ya kunikumbusha. Mvua ya Jumatatu ilikata barabara pande zote mbili: ile ya kwenda Nkondwe, na ile inayotuletea mafuta, ambayo siku nyingine tunajaza tu bila kuchovya kijiti. Kule Nkondwe, ng'ambo ya safu ya milima, kuna watu sita ambao damu yao husafishwa na mashine kila baada ya siku mbili. Vichujio vya mashine hiyo vilikuwa kwetu, maboksi manne, yamepangwa karibu na mlango kama wageni waliochelewa kukaribishwa. Leo ilikuwa Jumatano.

Na ndege haikutaka kuondoka. Ndege za siku hizi zina msimamo. Safari ya kwenda Nkondwe na kurudi inadai lita sabini kwenye kioo cha kipimo, na kioo kikionyesha pungufu, hata lita moja, injini haiwaki. Unaweza kuibembeleza, unaweza kuitukana. Nilikuwa nimeshafanya yote mawili.

Nikachovya tena kijiti ndani ya tangi. Tisini na mbili. Nikainama kukitazama vizuri, na hapo nikaona magurudumu yalivyokaa, na uso ukaniwaka.

Uwanja wetu umeinama kuelekea bondeni. Kijiti ni kipande cha mwanzi kilichochongwa alama na fundi aliyenitangulia, naye alizichonga ndege ikiwa imeutazama mlima. Kwa hiyo Ilevelo kuna sheria ambayo hata wauza karanga wanaijua: ndege hulala pua mlimani. Jana jioni, kwa haraka zangu, niliiacha pua bondeni. Mafuta yalikimbilia upande wa tundu, na kijiti kikalowa kupita haki yake.

"Mama, nisaidie kusukuma."

Akaangalia pua ya ndege, akaangalia bonde, akaniangalia mimi. Aliweka kikombe chini polepole. "Kumbe mwongo wa kwanza tumeshampata."

Nikasukuma kwa hasira hadi mabega yakaniuma. Tulipoigeuza nikachovya upya: themanini na saba.

Bado lita ishirini na sita zilikuwa hazina maelezo. Sikutaka tena kuamini mwanzi wala kioo, nikataka kuyaona mafuta yenyewe kwa macho. Nikafungua bomba la chini ya tangi, nikayamimina yote katika madumu ya lita ishirini yenye alama ubavuni. Manne yalijaa, la tano likafika alama ya saba. Themanini na saba kamili. Nikayachuja, nikayarudisha, harufu yake imenijaa hadi kooni.

Kisha nikashika waya. Ndani ya tangi kuna kihisio kinachopima kimo cha mafuta na kukipeleka kwa umeme hadi kwenye kipimo: mafuta mengi, umeme mwingi, mafuta machache, umeme kidogo. Waya haukuliwa na panya. Fyuzi ilikuwa nzima. Kutu hakuna. Nikaweka mita pale pale waya unapoingia nyuma ya kipimo, nikapiga hesabu, nikaipiga tena.

Themanini na saba.

Namba iliingia nyuma ikiwa nzima, ikatoka mbele imekatwa. Ndani ya boksi lile, dogo kama kiganja changu, kuna kitu kilikuwa kinaondoa lita ishirini na sita. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinafanya kazi yake.

2

Chuoni walituambia kwamba vipimo hivi vipya vinaitwa vipimo hai kwa sababu humjua rubani. Vinasoma mikono yake juu ya usukani, macho yake yanakokwenda, muda anaouchukua kabla ya kuamua. Tuliuliza kwa nini. Mkufunzi akasema, ili vimhudumie vizuri zaidi. Tukaandika hivyo kwenye madaftari yetu, tukafaulu mtihani.

Ufunguo wa fundi nauvaa shingoni. Nikauchomeka ubavuni mwa kipimo. Kioo kikawa cheusi, kisha maandishi yakatokea: UKURASA HUU HAUMHUSU RUBANI. KUFUNGULIWA KWAKE KUTARIPOTIWA.

Leseni yangu ina umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Nilifikiri juu ya hilo kwa muda wa pumzi moja, nikabonyeza.

Mafuta halisi: 87. Mafuta ya kuonyeshwa: 61. Kigezo: E. Kyando.

Nikakaa kwenye kiti cha rubani bila kupenda kukaa. Kipimo kilikuwa kinamficha mafuta, kama mke anavyoficha funguo za pikipiki mumewe akirudi amelewa. Maelezo yalikuwa chini yake, mafupi na ya heshima. Kila rubani hufichwa lita nne, ili akipotea awe na kitu cha kumwokoa asichokijua. Rubani anayetiliwa shaka, anayesita au anayekurupuka, hufichwa zaidi. Kisha safu ya miezi: Januari nne, Februari saba, Machi kumi na moja, Aprili kumi na sita, Mei ishirini na moja, Juni ishirini na sita. Pembeni yake, muda wa kuamua: ulianza na sekunde moja, sasa ulikuwa sekunde nne.

Mama yule amerusha ndege juu ya milima hii miaka ishirini na minane. Mimi alinitoa kwenye gereji ya mashine za kusaga, nikiwa najua nati na grisi tu, akanishika mkono hadi mlango wa chuo na kumwambia msajili, "Huyu ana kichwa kigumu, lakini kina kitu ndani." Na sasa boksi la ukubwa wa kiganja lilikuwa limemwandikia barua ya kustaafu kwa lugha ya mafuta, likaificha mahali ambapo yeye haruhusiwi kusoma.

Nilitaka kuling'oa boksi lile na kulikanyaga. Lakini hasira haikunijibia swali. Ufunguo wangu uliweza kufuta zile lita ishirini na sita kwa kubonyeza mara mbili. Kioo kingeonyesha themanini na saba, injini ingewaka, Mama angeondoka bila kujua kwamba kuna kitu kilimtilia shaka. Na kama kitu hicho kilikuwa sahihi? Basi ningekuwa nimemwondolea akiba yake ya siri na kumtuma mlimani, huku mimi nikibaki chini nimeshika kijiti.

Ningeweza pia kufunga ukurasa na kusema kipimo kimekufa. Hakuna ambaye angenilaumu, isipokuwa watu sita.

Redio ya banda ikakwaruza. "Ilevelo, Ilevelo, hapa Nkondwe." Sauti ya Sista Tumwitike ilikuwa imepoteza adabu yake ya kawaida. "Mzee Ngogo amevimba miguu hadi magotini, na sasa anahema kama amepanda ngazi. Ananiuliza ndege iko wapi. Nami natoka nje kutazama juu kama mjinga. Nimwambie nini?"

Nikasikia Kapteni akimjibu mlangoni, kwa upole: "Mwambie fundi wangu anamalizia."

Fundi wangu. Nikachomoa ufunguo, nikatoka.

3

Nilimwambia yote, nimesimama, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Namba, miezi, sekunde. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anautazama ule mlima.

"Ishirini na sita," alisema. "Na huyo aliyenihukumu yuko wapi, nimtazame?"

"Ni boksi, Mama."

"Lina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kiganja. Akacheka kicheko kibaya, kisha kikakatika.

"Na wewe unasemaje, Obadia? Usinipe maneno ya boksi. Umeketi pembeni yangu mara ngapi? Nimechoka?"

Ningeweza kumdanganya, na ningefanya hivyo kwa mapenzi. Lakini nusu saa nzima nilikuwa nimelichukia boksi kwa kosa hilo hilo.

"Sekunde nne ni nyingi, Mama. Mwezi uliopita, pale Pengo la Kihanga tunapopenya milima, nilihesabu. Nilidhani umesinzia."

Kisha akainua mkono na kuanza kukunja vidole, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Januari kipimo kiliniambia lita arobaini, nami najua ni arobaini na nne," alisema. "Nikasema, sawa, vipimo ndivyo vilivyo. Februari tofauti ikaongezeka. Mimi ndege hii naijua inavyokunywa, Obadia, naijua kama mama anavyojua kikombe cha mtoto wake. Tangu hapo kila nikitakiwa kuamua jambo angani, nakitazama kipimo, sikiamini, napiga hesabu upya kichwani: tumetoka saa ngapi, upepo uko wapi, tumekunywa kiasi gani. Ndipo naamua. Hizo ndizo sekunde zako."

Kipimo kilificha, naye akasita. Kipimo kikaona anasita, kikaficha zaidi. Miezi sita walikuwa wamefukuzana hivyo, kila mmoja akimfanya mwenzake awe vile alivyomdhania.

Ilikuwa na mantiki. Kila namba ilikaa mahali pake. Lakini pia ndicho kile kile ambacho mtu aliyechoka angesema, na angekisema vizuri hivyo hivyo. Nilitaka kumwamini. Kutaka si kupima.

"Kinachomdanganya mtu kwa faida yake bado kinamdanganya," nilianza, na sauti ikanipanda yenyewe. "Kila mtu ana haki ya kuijua namba yake, iwe nzuri iwe mbaya, na mashine yoyote inayomfanya mtu mzima—"

"Usinihutubie. Nimesikia hotuba nyingi na hakuna hata moja iliyoruka. Utafanya nini?"

Nikarudi ndani ya ndege. Nikachomeka ufunguo, nikabonyeza mara mbili. Kioo kikafikiri kidogo, kisha kikaonyesha themanini na saba, kijani, kana kwamba hakijawahi kusema kingine.

Daftari la ndege hukaa kwenye meza ya banda, wazi, kwa yeyote anayetaka kulisoma. Nikaandika: Kipimo kilikuwa kinamficha rubani lita 26. Zimerudishwa kwa rubani. Ameambiwa. Kisha nikashika kalamu juu ya nafasi ya saini, na macho yakapanda yenyewe hadi juu ya mlango, kwenye maandishi ya rangi nyekundu ambayo watu wa Ilevelo waliyapaka kabla sijazaliwa: ALIYETIA SAINI ANAPANDA.

Ndege ya kwanza ya uwanja huu ilianguka. Fundi aliyeithibitisha alisaini karatasi akiwa nyumbani kwake, anakula. Tangu mwaka ule hakuna saini ya Ilevelo inayobaki chini.

Nikasaini.

"Chukua koti," alisema Kapteni, akiwa tayari amebeba boksi la kwanza. "Juu kuna baridi. Na beba hicho kijiti chako, maana Nkondwe hawana."

4

Dakika ishirini na tano za kwanza zilikuwa safi. Miteremko ilipita chini yetu, viazi na pareto, mapaa ya bati yaking'aa kwa mvua. Mimi sikutulia. Nilikitazama kioo, nikaitazama saa, nikaitazama mikono yake, na kila nilipoitazama mikono yake nilijiona mshenzi, nikarudi kwenye kioo.

"Unanipima," alisema bila kugeuka.

"Nakipima kipimo."

"Mm."

Tulipofika Pengo la Kihanga, pengo halikuwapo. Ukungu ulikuwa umeziba kati ya vilele viwili kama pamba iliyoshindiliwa kwenye sikio. Ila upande wa kushoto, chini kidogo, kulikuwa na mwanya mweupe, wima, unaong'aa. Mwanga wa ng'ambo. Niliuona wazi kabisa. Sekunde thelathini za ujasiri na tungekuwa upande wa pili, tukishuka kuelekea zahanati.

Yeye hakufanya kitu.

Moja, nikahesabu. Macho yake yalikuwa kwenye ule mwanya. Mbili. Mlima ulikuwa unakua kwenye kioo cha mbele, niliweza kuona mti mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti. Boksi lilikuwa sahihi, niliwaza. Mungu wangu, boksi lilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyelinyamazisha. Tatu.

Nikaushika usukani wa upande wangu, nikauvuta kushoto, kuelekea kwenye mwanga.

Pua ilianza kufuata. Hapo kitu kilinichapa juu ya vidole vya mkono, kwa nguvu, kavu. Ni kijiti. Alikuwa amekichomoa kati ya viti vyetu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa tayari anaigeuza ndege kulia, kulia kabisa, bawa limesimama, maboksi yakigongana nyuma yetu. Ukungu ukatupita pembeni kama ukuta wa nyumba.

"Ukishika tena nitakivunja kichwani mwako," alisema. Hakupaza sauti. "Tunazunguka kwa Mto Luhomba. Nusu saa zaidi. Lita kumi na saba. Tunazo?"

Vidole viliniwaka moto. Nikaangalia kioo. "Tunazo."

"Kweli tunazo, au zimeandikwa tu?"

"Kweli, Mama."

"Basi ndiyo raha ya kuijua namba," alisema, akaufuata mto hadi Nkondwe.

Sista Tumwitike alitupokea katikati ya uwanja akiwa amevaa buti za mvua juu ya sare. Alichukua maboksi mawili kwa mkupuo, akakimbia nayo. Hakusema asante, na sijapata kuona shukrani nzuri kuliko ule mgongo wake unaokimbia. Mzee Ngogo aliunganishwa kwenye mashine kabla hatujamaliza kunywa maji. Nilimwona kupitia dirishani, miguu kama magunia, macho yamefumbwa. Nikachovya kijiti: arobaini na sita. Kioo kilisema arobaini na sita.

Tuliporudi ilikuwa saa nane, na jua lilikuwa limekausha Pengo la Kihanga. Kapteni hakupita katikati. Aliipeleka ndege upande ule uliokuwa kushoto asubuhi, taratibu, kwa umbali wa salama, akainamisha bawa langu ili nione chini bila kizuizi.

Pale nilipouona mwanya, palikuwa na jabali. Zima, jeusi, limesimama kutoka bondeni hadi kileleni. Na katikati yake, baada ya mvua zote zile, maporomoko ya maji yalikuwa yanashuka, meupe, wima, yanang'aa.

Aliniacha niyatazame hadi yakapotea nyuma ya bawa.

5

Ilevelo tuliilaza ndege pua mlimani. Niliisukuma peke yangu. Kijiti kilisema ishirini na mbili, na kioo kikasema ishirini na mbili, na nilipaswa kufurahi.

Nilichomeka ufunguo ili nifunge kazi. Onyo likatokea, nikalipita. Jina la kwanza lilikuwa lake: E. Kyando, lita nne za kufichwa kuanzia safari ijayo, kama kila rubani. Muda wa kuamua kwenye pengo, sekunde nne. Safari ya kurudi, baada ya kioo na mafuta kukubaliana siku nzima: sekunde moja na nusu.

Chini yake kulikuwa na mstari mpya. Ule usukani wa kulia nao husomwa, nilikuwa nimesahau, mimi niliyesomea jambo hilo.

Kigezo: O. Tweve. Muda wa kuamua, tangu kushika usukani: sekunde sifuri nukta nne. Mafuta ya kufichwa: 41.

Nikausoma mstari ule hadi herufi zikapoteza maana. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Mara mbili tu. Mimi si rubani, namba ile haina kazi, hakuna ambaye angeitafuta. Na ni boksi tu, dogo kama kiganja, linajua nini juu yangu?

"Kinasemaje?" Kapteni alikuwa amesimama chini ya bawa, kikombe kipya mkononi.

"Chako kimerudi nne."

"Sikuuliza changu. Nimekuona usoni, Fundi."

Nilimwangalia mama yule ambaye asubuhi nilimtemea namba yake mbele ya mlima, nimesimama, nikiwa na haki yote upande wangu. Alikuwa ameipokea bila kugeuza uso.

"Arobaini na moja," nilisema.

Alikunywa chai. Akafikiri, na wala sikuhesabu.

"Hayo ni mafuta ya pikipiki nne," alisema. "Unaweza kufuta. Ufunguo ni wako."

"Najua."

Nikachomoa ufunguo bila kubonyeza, nikashuka, nikaenda hadi kwenye meza. Daftari lilikuwa wazi pale pale nilipoliacha, mwandiko wangu wa asubuhi umenyooka kwa kiburi. Chini ya mstari wake nikaandika jina langu. Nikaandika arobaini na moja, kwa tarakimu na kwa maneno, ili asiwepo wa kuisoma vibaya, nikainua macho kuyatazama yale maandishi mekundu juu ya mlango, nikatia saini.